Wikiendi ya Harpers Ferry naipanga hivi

Mwezi wa kumi inshallah ntakuwa kwa dada Maryland na nshamwambia wikiendi moja ni yangu, tunakwenda Harpers Ferry. Yeye kaishi huko zamani tu na hajawahi kufika, anasema watu wanakwenda kutazama majani yanavyogeuka rangi na kupanda milima basi. Majani ntayatazama, milima ya Appalachia mwezi huo inakuwa myekundu na manjano kila mtu anaisifia, lakini majani siyo yanayonitoa Unguja.

Mji wenyewe mdogo sana, wakaazi hata 300 hawafiki, umebanwa pale mto Potomac na mto Shenandoah inapokutana, ukisimama pale kwenye ncha wewe uko West Virginia, ng'ambo moja Maryland, ng'ambo ya pili Virginia. Serikali ya Marekani ilikuwa na kiwanda chake cha bunduki hapo. Sasa usiku wa tarehe 16 Oktoba 1859 John Brown, mzungu aliyeuchukia utumwa mpaka mwisho, akakivamia yeye na watu 21, watano kati yao weusi, nia yao wachukue silaha wawape watumwa wa mashamba ya jirani wajikomboe. Haikuwa. Wakazingirwa, wakajifungia kwenye kibanda cha mashine za kuzimia moto, na asubuhi ya tarehe 18 wanajeshi chini ya Kanali Robert E. Lee wakauvunja mlango. Brown akanyongwa tarehe 2 Disemba mji wa jirani, Charles Town, na haukupita mwaka na nusu nchi nzima ikaingia vitani, na utumwa ndo uliowagombanisha.

Kisa hicho wengi wanakijua. Ambacho hakisemwi sana ni kwamba mtu wa kwanza kupigwa risasi usiku ule, na ndo iliyomuua, alikuwa Heyward Shepherd, mchukuzi wa mizigo pale steshini, mtu mweusi tena huru, na waliompiga ni watu wa Brown wenyewe. Nilipolisoma hili nilinyamaza kwanza. Sisi wa mjini tumekua tunapita Mkunazini, tunaambiwa hapa palikuwa na soko la watumwa likafungwa 1873, na watalii wanapiga picha wanaondoka wakidhani siku ile watu ndo walikuwa huru, wakati utumwa wenyewe kisheria uliendelea hapa mpaka 1897. Kwa hiyo mimi mtu akinisimulia ukombozi kwa siku moja na shujaa mmoja hanikinaishi, nataka kujua nani mwengine alikuwepo na walifanya nini baada ya hapo.

Na Harpers Ferry jawabu iko juu ya kilima, ndo maana nimempangia dada tusikae chini kwenye maduka na mikahawa siku nzima. Huko juu vita vilipokwisha ilifunguliwa skuli ya watu waliotoka utumwani, Storer, mwaka 1867, ikaja kuwa chuo. Frederick Douglass, ambaye mwenyewe alizaliwa mtumwa, alihutubia hapo 1881 akimzungumza John Brown. Halafu Agosti 1906 W.E.B. Du Bois, msomi mweusi, na wenzake wa chama cha Niagara Movement wakafanya mkutano chuoni hapo kudai haki za watu weusi, na siku moja alfajiri wakatoka kwa miguu mpaka kwenye shamba la Murphy, maana kile kibanda cha Brown wakati ule kilikuwa kimehamishiwa huko baada ya kuvunjwa na kupelekwa Chicago kwenye maonyesho ya 1893. Wakavua viatu na soksi, wakenda peku. Wallahi hapo ndo niliposema lazima nende! Mtu wa kwetu haelezwi kwa nini mtu anavua viatu mahali anapopaheshimu. Kibanda sasa kimerudishwa mjini chini, ila njia ya kwenda shambani ipo na ntaipita.

Usafiri ndo unataka akili. Kutoka Washington ni karibu kilomita 100, treni inachukua saa moja na kidogo, lakini treni za MARC za wafanyakazi wikiendi hazendi huko, kwa hiyo ni Ijumaa jioni, au treni ya safari ndefu ya Amtrak ambayo ni moja tu kwa siku, inatoka Washington alasiri. Ukichelewa ndo basi mpaka kesho. Wenye gari wanaliacha juu kituo cha wageni wanashushwa na basi la hifadhi. Malazi ni machache na Oktoba yanajaa mapema, dada nshamwambia abuk leo leo. Chakula cha halali sitegemei kukipata mji mdogo vile, tutafunga sambusa, katlesi na chapati, chai kwenye chupa.

Jumamosi yote ni ya Harpers Ferry: asubuhi chini, kisha ngazi za mawe mpaka kwenye jabali la Jefferson Rock, kisha chuoni na shambani. Jumapili nataka Charles Town, mahakama aliyohukumiwa Brown bado imesimama. Dada anataka kupanda mlima wa Maryland Heights, ng'ambo ya mto, apige picha ya mji kutoka juu, tunavutana bado, maana vyote viwili kwa siku moja na treni ya kurudi inapita mchana havitowezekana. Waliowahi kufika hebu nisaidieni, yeye anasoma hapa!