Mara ya tisa leo

Nimetoka kuchangia damu sasa hivi.

Turubai lilikuwa pale Nyerere Square, upepo wa Dodoma unalivuta utafikiri unataka kuondoka nalo. Nikapimwa uzito, presha, wingi wa damu. Kile kisindano cha kidoleni ndicho kinachoniuma kuliko sindano yenyewe, mpaka leo.

Halafu nikalala.

Jamani, kuna kitu sijawahi kukizoea. Ule mpira mwembamba unaopitisha damu, nesi huwa anaubandika kwa plasta juu ya mkono.

Asubuhi ilikuwa ya baridi, vinyweleo vimesimama, na ule mpira ni wa moto!

Joto langu mwenyewe, linapita juu ya ngozi yangu, linaenda kwa mtu nisiyemjua.

Nikamkumbuka dada yangu. Alipojifungua mapacha alivuja damu sana, akaongezewa chupa tatu usiku ule ule. Ukoo mzima tuko nje tunaomba Mungu, kumbe damu ya kumwokoa ilishatolewa zamani na watu ambao hatutawajua kamwe. Wale mapacha sasa wako darasa la pili.

Wanaume huruhusiwa kila baada ya miezi mitatu, sisi wanawake minne. Mimi nahesabu.

Mililita 450, dakika kama kumi. Soda, biskuti, nikachukua bajaji mpaka Majengo kununua mboga.

Mnaochangia, nani alisikia ule mpira ukipata moto?

Na wewe unayeogopa sindano, niandikie hapa. Safari ijayo nitakushika mkono.