Tendegu la mchagoni: siku ya 47

Leo asubuhi mitego yote minne ya kunguni, iliyo chini ya matendegu ya kitanda changu, ilikuwa mitupu. Ni siku ya 14 mfululizo. Nimeimulika mara mbili kwa tochi, nikapiga magoti na kuimulika tena ndipo nikaamini.

Habari za kufua mashuka kwa maji ya nyuzi joto 60, kufyonza mishono ya godoro na kutenga kitanda na ukuta sizirudii. Aliyewahi kupambana na kunguni anazijua. Kilichonisumbua ni tendegu moja tu, la kulia upande wa mchagoni.

Mitego yangu ni mabakuli ya plastiki, dogo ndani ya kubwa, tendegu likikaa ndani ya dogo. Ukuta wa nje nimeubandika kitambaa ili mdudu aweze kupanda, na ndani nimesugua poda ateleze asitoke. Anayetoka chumbani kunifuata hunaswa kwenye bakuli kubwa, na anayeshuka kutoka kitandani hunaswa kwenye dogo. Kifaa rahisi hivi kimenifundisha zaidi ya kila dawa niliyonunua, kwa sababu kinasema adui yuko upande gani.

Siku ya 12, siku tisa baada ya kupiga mvuke kitanda kizima, matendegu matatu hayakuwa na kitu. Kwenye lile la mchagoni, bakuli dogo lilikuwa na watano. Wote watoto, wa rangi ya majani makavu, milimita moja na nusu hivi, wasioonekana mpaka tochi imulike kwa ubavu. Mmoja alikuwa na doa jekundu tumboni, likionekana wazi kupitia ngozi yake. Damu yangu.

Kunguni hujivua gamba mara tano kabla ya kukomaa, na kila mara lazima anywe damu kwanza. Hawa walikuwa wa hatua ya kwanza kabisa. Yai huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10, kwa hiyo walizaliwa humo humo kitandani, baada ya mvuke wangu.

Nikapiga mvuke tena. Siku ya 22, watatu. Nikarudia. Siku ya 32, wanne. Nilikasirika nikakaribia kukitoa kitanda nje, nikajizuia, maana kukiburuta hadi mlangoni kungewasambaza nyumba nzima.

Siku ya 33 nilikifungua chote kwa bisibisi. Pale mfumbati unapokutana na ubao wa mchagoni kuna tundu la skrubu, limezibwa kwa kifuniko kidogo cha plastiki chenye rangi ya mbao. Nilikuwa nimepitisha mvuke juu yake mara tatu! Nilipokibandua kwa ncha ya sindano nikakuta vidoa vyeusi vya kinyesi, magamba makavu, na mayai 11 meupe yaliyogandishwa ukutani mwa tundu. Sita yalikuwa yamefunguka kwa juu kama kopo lililotolewa mfuniko. Matano yalikuwa mazima.

Nilirudisha kifuniko kwanza, nikatumbukiza waya wa kipimajoto kupitia upande wa nyuma, nikapiga mvuke dakika nzima. Juu ya ubao, zaidi ya nyuzi 80. Ndani ya tundu, 39. Yai linahitaji kama 55 ili life papo hapo. Kwa hiyo muda wote huo nilikuwa nayapasha joto tu.

Kosa jingine ni unga wa diatomu, yaani unga laini wa mabaki ya vijimea vya majini. Ni dawa nzuri, hukwangua nta ya mwili wa mdudu hadi akauke, lakini hufanya kazi ukiwa mkavu, nami nilikuwa naupaka kisha naulowesha kwa mvuke. Mabomu ya moshi sitaki hata kuyasikia: moshi hauingii kwenye nyufa walimo. Na dawa nyingi za kupuliza za jamii ya pairethroidi, zile zilizotengenezwa kwa kuiga dawa ya pareto, kunguni wengi wameshazizoea.

Nilikwangua mayai kwa sindano, skrubu na vifuniko nikavitia kwenye maji yanayochemka, matundu nikayapiga mvuke yakiwa wazi hadi kipimajoto kikasoma 60. Yalipokauka nikaziba kila upenyo kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na unga wa msumeno.

Baada ya hapo zamu ilikuwa ya kiti na kabati, lakini nimeviacha kwanza nijaribu chambo. Kunguni humtafuta mtu aliyelala kwa kufuata hewa ya kabonidioksidi anayoitoa akipumua, na chupa yenye sukari, hamira na maji vuguvugu hutoa hewa hiyo hiyo. Jana nilitoboa kizibo, nikapitisha mrija hadi kwenye mtego wa tano, mbali na kitanda. Mapovu yaliendelea hadi alfajiri. Usiku wa leo nauhamishia kando ya rafu ya vitabu. Siku ya 9, bakuli kubwa la upande huo lilinasa jike mmoja bapa, mwenye njaa, na mpaka sasa sijajua alitokea wapi.