Mkalishe kwanza, damu baadaye

Mgonjwa wa Likoni huvuka feri akiwa wima, hupanda mlima wa upande wa kisiwani kwa miguu, kisha husimama tena kwenye foleni ya maabara. Akiitwa tu na kudungwa sindano papo hapo, damu itakayoingia chupani ni nzito kuliko ilivyokuwa alipoamka.

Mtu akisimama, shinikizo kwenye mishipa ya miguu hupanda na maji ya damu huvuja kwenda kwenye nyama. Kwa dakika kumi hivi, plazma, yaani maji hayo ya damu, hupungua kwa takriban asilimia 10. Vilivyo vikubwa hubaki ndani na kusongamana: chembe za damu, protini, na chochote kilichoshikana na protini. Ndiyo maana himoglobini (protini nyekundu ya chembe za damu), albumini (protini ya plazma), kolesteroli, kalsiamu na vimeng'enya vya ini husoma juu. Sodiamu, sukari na urea hupenya pamoja na maji, hivyo hazisumbui sana. Akilala, maji hurudi polepole zaidi, kama nusu saa.

Tuseme kliniki himoglobini ni 12.6 g/dL, mgonjwa katoka kusimama. Analazwa, na alfajiri anatolewa damu kitandani: 11.5. Wodi nzima itaanza kutafuta anakovuja damu, na huenda hajapoteza hata tone.

Mwongozo wa pamoja wa Ulaya na Amerika ya Kilatini wa 2018 unataka mkao usibadilike kwa dakika 15 kabla ya kutoa damu. Kwa mgonjwa wa nje, asiyelazwa, maana yake ni kuketi, miguu sakafuni. Hapo foleni zetu za mabenchi zinatuponza: simama, sogea, keti, simama tena. Afadhali kugawa namba, kila mtu akae pale pale mpaka aitwe, na kiti cha kutolea damu kiwe hatua chache tu.

Mpira wa kufunga mkono nao husongamanisha damu vivyo hivyo, ila mkononi peke yake. Usizidi dakika moja; ulegeze mara damu inapoanza kutiririka. Na usimwambie akunje na kukunjua ngumi, potasiamu itapanda bure.

Kwa mgonjwa wa wodini, andika kwenye fomu "amelala". Kwa vipimo vya renini na aldosteroni (vidhibiti vya chumvi na shinikizo la damu) ni lazima kabisa, kwani hupanda sana mtu akisimama, na bila kujua mkao daktari hawezi kulisoma jibu.