Karatasi ya Mulago

Mwezi uliopita mwanangu, ambaye sasa ana miaka 22, aliniuliza swali nililokuwa nikilisubiri kwa hofu tangu alipoanza kuota ndevu: "Baba, zile dawa nilizopewa nikiwa mdogo zinaweza kunizuia kupata watoto?" Alikuwa amepata mchumba, na shangazi zake hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, walikuwa wameanza mazungumzo ya mahari. Sikumjibu papo hapo. Niliingia chumbani, nikafungua sanduku la bati tunamowekea hati za shamba, nikatoa karatasi ya hospitali yenye dozi za dawa zake, iliyokunjwa mara nne, ambayo mikunjo yake imeanza kuchanika.

Aliugua mwaka 2009, akiwa na miaka 6. Jino la nyuma lililegea, likawa linacheza kila anapotafuna muhogo, nasi tukadhani ni meno ya utoto yanayong'oka. Zahanati ya kwanza ilisema ni jipu, wakaling'oa. Baada ya wiki moja shavu lilikuwa limefura kama mtoto aliyeficha embe mdomoni. Baadaye nilielezwa kwamba ugonjwa wake, limfoma ya Burkitt, yaani saratani ya chembe za kinga za mwili, ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote, kiasi kwamba seli zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Kila siku niliyosema "tungoje kidogo" ilikuwa na uzito ambao sikuujua, na bado ninaubeba.

Ugonjwa huu una historia ndefu kwetu. Daktari mpasuaji Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianza hapo hapo mwaka 1967 kwa ajili ya kutibu limfoma. Na katika miaka ya 1970 watafiti walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 huku kwetu West Nile, wakitafuta uhusiano kati ya saratani hii na virusi vya Epstein-Barr. Leo inajulikana kwamba malaria ya mara kwa mara nayo huchangia. Lakini mimi, niliyezaliwa na kukulia hapa, nililisikia jina la ugonjwa huo kwa mara ya kwanza nikiwa nimesimama kando ya kitanda cha mwanangu.

Mama yake alikaa naye Kampala kwa mizunguko sita ya dawa, akilala kwenye mkeka chini ya kitanda, akimbembeleza anywe maji kikombe baada ya kikombe, kwa sababu muuguzi alimweleza kwamba uvimbe unapoyeyuka ghafla taka zake huweza kuziba figo. Mimi nilisafiri kwa basi, karibu kilomita 500 kupitia Pakwach na Karuma, kila nilipopata fedha za kuwapelekea. Nyumbani, binti yetu wa miaka 11 ndiye aliyesonga ugali, akachota maji na kuwaogesha wadogo zake, na mwisho wa mwaka akarudia darasa. Hilo ninalihesabu miongoni mwa athari za saratani, ingawa haliandikwi katika faili la mgonjwa yeyote, na ilinichukua miaka mingi mno kumwomba radhi.

Uvimbe uliyeyuka kwa kasi iliyotushangaza. Tuliendelea kumrudisha kliniki kwa miaka miwili, kisha tukaambiwa amepona, na ni kweli, kwa kuwa ugonjwa huu ukirudi, mara nyingi hurudi katika mwaka wa kwanza. Yaliyofuata tuliyagundua wenyewe. Vinkristini, mojawapo ya dawa alizopewa, ilikuwa imedhoofisha neva za miguu, akawa anaburuta vidole na kupoteza kandambili njiani. Hilo lilipungua baada ya miezi kadhaa. Meno ya ukubwani upande ule yaliota yamepinda, mengine hayakuota kabisa, na hadi leo hutafuna upande mmoja. Shuleni alikuwa mzito wa hesabu, akaitwa mvivu na kuchapwa, wakati hakuna aliyekuwa ametueleza kwamba methotreksati, dawa nyingine aliyopewa, inayoingizwa kwenye uti wa mgongo huweza kuathiri umakini wa mtoto. Siwezi kuthibitisha kwamba ndiyo iliyokuwa sababu, lakini laiti ningejua hata kwamba inawezekana, ningekwenda kuzungumza na mwalimu badala ya kuongeza ukali nyumbani.

Sasa kuna saiklofosfamaidi, dawa ya tatu aliyopewa. Tulimpelekea daktari ile karatasi, naye akajumlisha dozi zilizoandikwa kwa kalamu ya bluu, moja baada ya nyingine, huku mwanangu akifuata kidole chake. Alisema kwamba dawa hiyo huweza kuharibu uwezo wa kuzalisha mbegu, kwamba madhara hutegemea jumla ya dozi, kwamba wapo wengi waliotibiwa hivyo wakapata watoto, na kwamba kipimo cha mbegu ndicho kitakachotoa jibu. Bila ile karatasi asingekuwa na cha kujumlisha. Wazazi niliowafahamu wodini wengi walizipoteza zao, au hawakupewa kabisa.

Kipimo kimepangwa wiki ijayo. Amemweleza mchumba wake kila kitu, na yeye ndiye atakayemsindikiza, si mimi. Karatasi nimempa.