Daftari la matukio lilipokuwa tupu

Kwa miaka minne niliyosimamia wodi ya watoto wachanga mahututi katika hospitali moja ya mkoa hapa Tanzania, kila mkaguzi aliyefika nilimfungulia daftari la matukio, yaani la kuandikia makosa na hatari za wodini, nikijivunia kurasa zake nyeupe. Niliamini kwa dhati kwamba weupe ule ulikuwa ushahidi wa usalama.

Asubuhi moja, baada ya kukabidhiana zamu, muuguzi kijana alinisubiri mlangoni akasema, “Sista, kuna jambo linaninyima usingizi.” Majuma matatu nyuma, usiku, alikuwa akimwandalia jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, mtoto njiti wa kilo 1.2. Dozi ilikuwa miligramu 3.6, na kwa kuwa wodini kwetu dawa hiyo huchanganywa na maji ya sindano mpaka kila mililita ibaki na miligramu 10, alipaswa kuvuta mililita 0.36. Alivuta kiasi hichohicho, lakini kutoka kwenye kichupa ambacho hakijachanganywa, chenye miligramu 40 kwa kila mililita. Bomba la sindano lilikuwa limekwisha kuunganishwa na kanula, kimrija kilichoingizwa kwenye mshipa wa mtoto, alipoona kwamba kichupa cha dawa iliyochanganywa bado kilikuwa kimejaa kwenye trei. Mkononi alikuwa na miligramu 14.4, mara nne ya dozi, za dawa inayoweza kudhuru figo na usikivu wa mtoto. Aliimwaga, akavuta upya, akanyamaza.

Nilimuuliza kwa nini hakuandika. “Sista, mwenzangu aliyeandika mwaka jana alipewa barua ya kujieleza.” Barua ile niliisaini mimi.

Niliamua kuwauliza watumishi wote wanavyouona usalama wa wodi yetu. Nilitumia kama mfano dodoso la mitazamo ya usalama lililochapishwa mwaka 2006 na Bryan Sexton na wenzake nchini Marekani, ambalo hupima nyanja sita, zikiwamo ushirikiano kazini, mtazamo kuhusu uongozi na utambuzi wa athari za msongo wa kazi, ukiwamo uchovu. Kazi kubwa ilikuwa kuwafanya watu waamini kwamba hawatajulikana. Wodi yetu ni ndogo na mwandiko wa kila mtu tunaufahamu, kwa hiyo niliondoa sehemu za kuandika maelezo, nikabakiza za kuweka alama tu. Niliondoa pia swali la kada, kwa sababu wodi yenye daktari mmoja wa kudumu haiwezi kumficha daktari huyo. Sanduku la kutumbukizia majibu niliomba litunzwe na mhudumu wa stoo, mtu asiye chini yangu.

Kabla ya kulifungua nilijaza dodoso langu mwenyewe. Kwenye kauli kwamba ni rahisi kuuliza usipoelewa, niliweka “nakubali kabisa”. Wenzangu wengi walikataa. Kauli iliyoniuma zaidi niliitunga mimi: “Mwanangu akizaliwa njiti, ningependa alazwe hapa.” Zaidi ya nusu hawakukubali, na hao ndio watu wanaowabeba watoto wa wenzao kila siku kwa upole ninaoushuhudia kwa macho yangu.

Nilisoma matokeo mbele ya wote, pamoja na majibu yangu. Kisha nilichukua daftari nikaandika kosa langu la mwezi uliotangulia, nilipochelewa kuirudisha sauti ya king'ora cha mashine ya kupimia oksijeni baada ya kuizima wakati wa kumsafisha mtoto. Tulikubaliana kwamba daftari halitaandikwa jina la mtu, na mganga mfawidhi akaridhia kwamba tukio lililoandikwa humo lisizae barua. Vichupa visivyochanganywa tuliviondoa kwenye trei za vitandani, na sasa dawa huchanganywa meza moja, na watu wawili, chini ya lebo yenye saa na kipimo.

Juma la kwanza hakuna aliyeandika. Juma la pili yalikuwapo maandishi mawili, moja la mfanya usafi aliyekuta mrija wa oksijeni umebanwa na gurudumu la kitanda, na kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa, kwani kabla ya hapo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba daftari lile ni lake pia.

Nyanja ya uchovu haijabadilika. Usiku wauguzi wawili bado wanahudumia watoto ishirini, na hilo naliandika daftarini kila juma, kama tukio.