Usiku Mwandishi Alipokwama Baharini

Swali tuliloulizwa kuliko yote katika duka letu la vitabu pale Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja, halikuhusu bei wala mwandishi. Lilikuwa hili: "Hiki kinatoka mtihani?" Mzazi anakishika kitabu, anakigeuza mbele na nyuma, anatazama jalada, kisha anauliza. Ukimwambia hakitoki, anakirudisha palepale alipokitoa, kwa adabu kabisa, anakwenda zake. Sikuwalaumu. Kwetu kitabu cha hadithi huingia nyumbani kwa mlango wa skuli, na skuli ikisha, nacho hutoka kwa mlango huohuo.

Mwenye duka, ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa ingawa hakuwa mtu mzima kiasi hicho, alikuwa akipambana na swali hilo kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa vikadi. Kila vitabu vipya vikifika, mimi ndiye niliyekata manila, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito sentensi mbili tatu za kumvutia mnunuzi, nikakibandika kikadi chini ya kitabu kwenye rafu. "Riwaya ya kusisimua kuhusu mapenzi na usaliti." Ukifanya kazi dukani utagundua kwamba karibu kila riwaya ni ya mapenzi na usaliti, hata ile ya kilimo. Watalii walivipiga picha vikadi vyangu kwa kuwa viliandikwa kwa mkono. Wenyeji walivipita tu.

Njia ya pili ilikuwa jioni za waandishi, na hizi zilimgharimu. Viti vya kukodi, kahawa, nauli ya mgeni, mahali pa kulala.

Kitabu pekee ambacho hakikuhitaji kikadi wala jioni kilikuwa cha Abdulrazak Gurnah. Tangu Alhamisi ile ya tarehe 7 Oktoba 2021, ilipotangazwa kwamba ameshinda Tuzo ya Nobel ya Fasihi, watu walianza kuingia dukani wakimtaja kama wanavyomtaja jirani aliyehama. Kazaliwa hapahapa Unguja mwaka 1948, kakulia mtaa wa Malindi, na vitabu vyake vyote vilikuwa vya Kiingereza, vingi tulikuwa hatunavyo. Ilipotoka *Peponi*, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake *Paradise*, aliyoifanya Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota, Bi Mkubwa aliiweka dirishani peke yake. Kwa miezi hakukiruhusu kitabu kingine kikae karibu nayo.

Ilikuwa Julai 2023, kusi limekolea. Tulimwalika mwandishi kijana kutoka Dar es Salaam aje asome riwaya yake ya kwanza. Mpango ulikuwa rahisi: apande boti ya saa kumi, ifikapo saa kumi na mbili awe keshashuka bandarini, ale, apumzike, na baada ya sala ya isha tuanze. Nakala za kitabu angekuja nazo mwenyewe kwenye boksi, maana kuzituma kwa njia nyingine kungechukua siku na pesa, na yeye anakuja hata hivyo.

Saa kumi na nusu akaandika: boti haijaondoka, bahari mbaya. Baadaye akaandika: tumeambiwa tungoje. Kisha: tunaondoka. Baada ya hapo kimya, kama unavyojua, ukishafika katikati ya mkondo simu inakuwa saa tu.

Watu wakaanza kufika. Viti tulivipanga nje, uchochoroni, kwa sababu ndani hapatoshi, na waliokaa mstari wa mbele walilazimika kukunja miguu kila Vespa ilipopita. Muuza kahawa wa jirani alikuwa keshaweka birika juu ya makaa na sinia la kashata pembeni. Walikuja wanafunzi wa chuo, walikuja walimu, alikuja fundi cherehani mmoja wa Kiponda aliyekuwa akitushonea mapazia, alikuja hamali wa bandarini ambaye huwa anatuletea maboksi kwa rikwama na Bi Mkubwa humwalika kila mara na kila mara huja. Na Maalim, mstaafu wa kusomesha Kiswahili, alikaa mahali pake karibu na mlango, fimbo katikati ya magoti.

Saa mbili na robo. Hatuna mwandishi. Na hatuna hata kitabu chake kimoja cha kuonyesha watu, kwa kuwa vyote vimo ndani ya boti pamoja naye.

Nilimwambia Bi Mkubwa tuwaombe radhi watu waende. Akaniangalia, akaangalia viti, nadhani akapiga hesabu ya kukodi, akasimama.

"Jamaa zangu, mgeni wetu yuko baharini, tumwombee dua afike salama. Sasa, mimi kila siku nawapendekezea nyinyi vitabu, wala hamninunulii. Leo pendekezeni nyinyi. Mtu aingie ndani, achukue kitabu alichokisoma mwenyewe, atoke nacho, atwambie kwa nini tukisome. Kikinunuliwa, kahawa yake na kashata juu yangu. Mwisho wa hadithi hausemwi."

Pakawa kimya kidogo. Watu wetu ukiwaambia waseme hutazamana kwanza. Halafu, kwa mshangao wangu, akanyanyuka hamali.

Aliingia ndani akakaa muda mrefu, nikadhani kapotea. Akatoka na *Kuli* ya Adam Shafi, nakala ya zamani iliyovimba kwa unyevu, maana hewa ya Mji Mkongwe ina chumvi na majalada yetu yote hujikunja pembe.

"Mie nilikianza kwa sababu ya jina," akasema. "Nikasema, hebu, mtu kaandika kitabu kizima kuhusu sisi wabeba mizigo? Kweli kaandika. Kuna kijana anaitwa Rashidi, anafanya kazi bandarini palepale ninapofanya mimi. Na mna ule mgomo wa mwaka 1948. Babu yangu alikuwemo kwenye mgomo ule, lakini kwetu hakuna aliyekaa akatuhadithia. Nimekuja kuujua humu." Akakifungua, akatafuta ukurasa, hakuuona, akakifunga. "Basi. Kisomeni."

Kikanunuliwa hata kabla hajakaa. Kijana mmoja wa chuo alitoa noti, mimi nikasoma bei iliyoandikwa kwa penseli ndani ya jalada, na hamali akaletewa kahawa yake. Akainywa akitazama kushoto na kulia kama bwana harusi.

Baada ya hapo hatukuwa tena na la kufanya ila kuuza. Mwanafunzi akatoka na *Peponi*, akaanza vibaya, akataja Nobel na London na tarehe, watu wakaanza kuongea wao kwa wao. Akaona. Akageuza: "Yusuf ni mtoto. Baba yake anadaiwa na tajiri. Hana cha kulipa, akamtoa mtoto. Nani hapa hajawahi kudaiwa?" Wakacheka, na zile nakala za dirishani zikaanza kupungua.

Mzee mmoja hakuingia ndani kabisa. Alisema kitabu chake kimo kichwani. Akaanza kumsimulia Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, yule mpelelezi wa kiko, na maiti iliyokutwa kwenye mzimu wa watu wa kale, na jinsi Bwana Msa anavyokaa kimya akivuta huku wenzake wanababaika. Alisimulia vizuri hata muuza kahawa akasahau makaa. Riwaya ile, *Mzimu wa Watu wa Kale*, ilichapishwa mwaka 1960, na yeye aliisoma akiwa kijana, nakala moja ikizunguka mtaa mzima hadi ikabaki bila jalada. Alipokatisha pale pa kukatisha, watu wakanigeukia mimi wote: kitabu kiko wapi? Hatukuwa nacho. Bi Mkubwa alinitazama kwa jicho ambalo sitalieleza.

Lakini usiku ule ulikuwa wa fundi cherehani. Alitoka na *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, nakala moja tu tuliyokuwa nayo, akaishika kifuani kwa mikono miwili.

"Nilikisoma skuli," akasema, "nikakirudisha, maana kilikuwa cha skuli. Toka siku ile nagombana na Maksuudi. Nikishona nagombana naye. Baba gani anamfungia mtoto ndani, hamsomeshi, hamwonyeshi dunia, halafu Maimuna akitoka akipotea, watu wanamsema Maimuna!"

Maalim akakohoa. Wanaomjua wanajua kikohozi kile kina maana gani.

"Bibi we, mtunzi hakumwacha Maimuna hivyo. Maimuna alikuwa binti mzima, ana akili zake."

"Maalim, akili zake zilitoka lini nje zikaiona dunia, na yeye kafungiwa?"

Uchochoro mzima ukalipuka. Kina mama waliokuwa wamekaa nyuma wakasogeza viti mbele. Kijana mmoja akajaribu kumtetea Maksuudi, sijui kwa nini, akanyamazishwa na mama yake mwenyewe. Maalim akasema kuna ukurasa, anaukumbuka kabisa, unaothibitisha maneno yake. Fundi akasema hakuna. Maalim akanyoosha mkono apewe kitabu, fundi akakataa kumpa. Ndipo mzee wa watu akatoa pochi, akahesabu pesa taratibu, akanikabidhi mimi, akasema: "Sasa ni changu. Nipe." Sheria ya duka ni sheria. Fundi alikitoa, lakini alikitoa kwa kukisukuma.

Nilikuwa nimesimama pale na mkoba wa pesa, nikawaza vikadi vyangu vya manila. Sikuwahi kuandika kikadi kinachomkasirisha mtu. Niliandika kila kitabu ni kizuri, na mtu akiambiwa kizuri anasema ahsante, anapita. Hasira ya yule fundi iliuza kuliko sifa zangu zote, na sifa zangu hazikuwa mbaya, nilizihangaikia.

Mgeni alifika katikati ya vurugu hiyo. Hakuna aliyemwona. Nilishtuka nilipomkuta kaegemea ukuta karibu na birika, kilemba kimelowa, uso umemwisha rangi, boksi miguuni. Boti ilikuwa imewapiga vibaya, akasema, kila abiria alikuwa na mfuko wake wa kutapikia. Bandarini mkaguzi akamuuliza boksi lina nini. Vitabu. "Vya skuli?" Akajibu hapana, vya hadithi, na mkaguzi akamhurumia, akampitisha.

Bi Mkubwa akampa chai ya tangawizi, akataka kuwanyamazisha watu amtambulishe. Mwandishi akamshika mkono. "Waache kwanza. Wamefika wapi?" Nikamweleza kwamba Maalim anatafuta ukurasa na hauoni. Akaja akakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi akasikiliza mpaka Maalim alipokiri kwamba bila miwani yake ya kusomea hawezi, ataleta jibu kesho.

Aliposoma kitabu chake hatimaye, hakuanzia mwanzo. Alichagua mahali wawili wanapogombana jikoni, nadhani baada ya aliyoyaona. Alisoma kwa sauti ya chini, tumbo bado linamsumbua, na watu walivuta viti. Boksi lilikuwa limelowa chini, kwa hiyo nakala za tabaka la mwisho zilikuwa na mawimbi kwenye kurasa. Alitaka kuzitenga arudi nazo. Bi Mkubwa akasema hapana, hizo kwetu ndizo za kawaida.

Maswali yalikuwa ya aina ileile ya siku zote, mpaka hamali aliponyoosha kidole.

"Dada, kitabu nimekisikia, kizuri. Kuna mtu anahama nyumba humo. Mizigo anabeba nani?"

Mwandishi akafikiri. Akafungua kurasa, akafunga. "Sikuandika," akasema. "Ilifika tu."

"Basi kwenye cha pili," akasema hamali, na akanunua kilicholowa.

Tuliporudisha viti ilikuwa karibu saa tano, na mwenye viti alidai nyongeza. Tulipohesabu, kitabu cha mgeni kiliuzwa vizuri, lakini vya zamani ndivyo vilivyoondoka zaidi, hata vilivyokuwa rafu za nyuma tangu sijaajiriwa. Vikadi nilivibandua siku zilizofuata. Badala yake Bi Mkubwa aliweka daftari mezani na kalamu iliyofungwa kwa uzi, kila mnunuzi aandike alichokichukia kwenye kitabu.

Asubuhi yake fundi cherehani alikuwa mlangoni kabla sijafungua kufuli. Alitaka *Utengano*. Nikamwambia Maalim ndiye aliyekichukua cha mwisho, na riwaya ile, ingawa mtunzi ni wa kwetu, huchapishwa Nairobi; tutaagiza, itachukua wiki, na kwa sababu ya usafiri bei haitakuwa ile ya jana.

"Agiza," akasema. "Na Maalim akija na huo ukurasa wake, muulize ni wa ngapi, uniandikie. Nikipata changu nauanzia hapo."