Baba mdogo anataka majibu

Leo nimemsindikiza baba mdogo kutoka Gongo la Mboto hadi ofisi ya mheshimiwa mmoja, kuulizia kifo cha mwanawe aliyeuawa Kongo akilinda amani. Mzee kakaa kwenye benchi asubuhi nzima, bahasha ya kaki mapajani. Tukaambiwa mheshimiwa yuko kikaoni.

Jamani, huyu mzee hadai hela. Bendera alikabidhiwa, mazishi yalikuwa ya heshima. Anachouliza: nani aliridhia vijana wakae kambi ile bila msaada wa karibu? Kambini Semuliki, mashariki mwa Kongo, 7 Desemba 2017, askari wetu wasiopungua 14 waliuawa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa wenyewe ulisema hapakuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu wala kuwaondoa. Sasa nani kawajibika?

Wanasema mambo ya jeshi ni siri. Sawa, mbinu za vita ziwe siri. Ila kupeleka watoto wa watu vitani ni uamuzi wa wanasiasa, na hao tunawachagua sisi. Mwenye mbunge anayesikika amwombe aulize swali hili Dodoma, kwa sauti. Sisi Jumatatu tunarudi kwenye lile benchi.